Shilingi 278,000 Ziliingia, Wazee Hawakupata Kitu: Kisa cha Tamasha la Chakula Kisumu

Kamati ya watu tisa wa Manyatta, mjini Kisumu, iliandaa tamasha la chakula katika uwanja wa shule ya mtaa. Nia ilikuwa njema tena ilikuwa na kipimo: kuwalipia bima ya afya wazee wanaolea wajukuu mayatima, nyumba 50. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, nyumba isiyo na mtu wa mshahara hukadiriwa mapato yake na kutozwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,600. Nyumba 50 mara 3,600 ni shilingi 180,000, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye mabango.

Watu 520 walikuja. Jioni meza ya mweka hazina ilikuwa na shilingi 278,000, na mwenyekiti akashika kipaza sauti kutangaza kwamba lengo limepitwa kwa karibu laki moja. Wiki moja baadaye, wapishi na wenye hema walipomaliza kudai chao, kamati ilikuwa na deni la shilingi 25,600. Hakuna mzee hata mmoja aliyelipiwa bima.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya mafunzo, na bei zake ni za mfano. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni yale yale yanayorudi kila kikundi kinapoandaa chakula ili kuchangisha pesa, na tumeyaweka katika siku moja ili yaonekane yanavyoshikana.

Hesabu iliyoharibika kabla ya moto kuwashwa

Tuanze na pesa, kwa sababu hapo ndipo wazee walipopotezwa. Mapato yalikuwa ya aina tatu. Kiingilio cha shilingi 100 kwa watu 520 kilileta 52,000. Kuponi za chakula za shilingi 50 ziliuzwa 4,160, yaani wastani wa kuponi nane kwa mgeni, zikaleta 208,000. Wauza vikapu, vitenge na miche walikodi meza 12 kwa 1,500 kila moja: 18,000. Jumla 278,000.

Matumizi yasiyotegemea idadi ya wageni yalikuwa haya: hema, viti na meza 46,000, vipaza sauti na jenereta 28,000, vibali, vyeti vya afya na walinzi 21,000, maji, vyoo na taka 19,000, mabango na kuchapisha kuponi 14,000. Jumla 128,000. Pesa hizi zingelipwa hata kama mvua ingenyesha tangu asubuhi na asitokee mtu.

Kisha kuna wapishi. Kamati ilikubaliana na vikundi 12 vya mapishi kwamba kila kikundi kijinunulie viungo, na kwa kila kuponi kirudishiwe asilimia 80. Kuponi ya shilingi 50 ikawa ni 40 kwa mpishi na 10 kwa kamati. Asilimia 20 ilisikika kama fungu kubwa, lakini zidisha: 20 kwa 100 ya 208,000 ni 41,600. Ongeza kiingilio 52,000 na meza 18,000, unapata 111,600. Matumizi ni 128,000. Kamati ilikuwa imeanguka kwa shilingi 16,400 hata kama kila kitu kingekwenda sawa. Zile 9,200 zilizosalia za deni zilitokana na kuponi, na tutazifikia.

Swali ambalo kamati haikujiuliza mezani ni hili: mgeni mmoja anaacha shilingi ngapi kwetu? Kiingilio 100, na asilimia 20 ya shilingi 400 anazokula, ni 80. Jumla 180. Toa 18,000 za meza kutoka 128,000, zinabaki 110,000 za kufidiwa na wageni. 110,000 gawa kwa 180 ni wageni 612, na hao ni wa kurudisha gharama tu. Ili zipatikane 180,000 za wazee juu yake, walihitajika wageni 1,612. Uwanja ule, ukishaweka hema, majiko na njia ya kupitia, hauwezi kubeba zaidi ya watu 700. Karatasi moja na kalamu vingeonyesha miezi miwili kabla kwamba tamasha lile, kwa mpango ule, hata uwanja ungejaa, lisingeweza kulipia hata nyumba tano.

Kosa hili lina mzizi wake katika harambee. Kwenye harambee pesa inayoingia ndiyo pesa iliyopatikana. Chai na viti ni kidogo. Watu waliokulia humo wakiona shilingi 278,000 mezani, macho yao yanaona mchango. Lakini tamasha la chakula ni biashara ya siku moja. Kilichopo mezani ni mauzo, na ndani yake kuna samaki wa mtu, hema la mtu na jasho la mtu. Kutangaza mauzo kwenye kipaza sauti kana kwamba ni mchango ni kosa zito kuliko lilivyoonekana siku ile, kwa sababu mtaa uliposikia baadaye kwamba hakuna kitu, maelezo ya kwanza yaliyokuja vinywani yalikuwa kwamba kamati imekula.

Kuponi 230 zisizo na mwenyewe

Kuponi zilizouzwa ni 4,160. Kuponi walizoleta wapishi jioni ni 4,390. Tofauti ni 230, na kwa shilingi 40 kila moja kamati ililipa 9,200 kwa chakula ambacho haikupokea pesa yake.

Zilikuwa zimechapishwa kwenye karatasi ya kawaida katika saiba ya mtaani, rangi moja, bila nambari. Mgeni alimpa mpishi kuponi nzima, mpishi akaitupa kwenye beseni lililo wazi kando ya jiko. Kutoka hapo kuna njia nyingi. Mtoto anayeokota sahani anaweza kuchota konzi moja na kurudi nazo kwenye foleni. Mtu mwenye simu na pesa ya fotokopi anaweza kutengeneza zake. Muuza kuponi aliyelemewa na foleni anaweza kutoa kumi akapokea pesa ya nane. Ubaya wa mpango ule ni kwamba huwezi kujua ni njia ipi. Kamati ilimshuku kijana mmoja wa mauzo bila ushahidi wowote, na kikundi chake kikajitoa.

Kuponi inayofaa ina nambari mfululizo, iko kwenye kitabu chenye kishikio kinachobaki kwa muuzaji, na kila thamani ina rangi yake. Mpishi anaichana katikati mbele ya mgeni kabla ya kupakua: nusu inaingia kwenye debe lililofungwa lenye tundu, nusu anaitupa. Kila saa mtu wa kamati huzunguka na mtu wa kikundi, wanafungua debe, wanahesabu wote wawili, wanatia sahihi kwenye daftari. Hesabu ikipishana saa saba mchana, inatafutwa saa saba mchana, wakati bado watu wanakumbuka.

Malipo ya M-Pesa nayo yaliingia kwenye till iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina mwenyewe. Hata kama ni mwaminifu kama mizani, pesa ya hisani haifai kukaa mahali pamoja na pesa ya unga wa nyumbani kwake. Akiugua au akifariki, kamati itaanza kufukuzana na familia. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinaweza kufungua akaunti yake ya benki na kupata till yake, kwa sahihi tatu. Na muuza kuponi asikubali ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Kinachokubaliwa ni ule ulioingia kwenye simu ya till, ambayo lazima iwe mezani pale, imechajiwa, na mtu mmoja wa kuisoma kwa sauti.

Jikoni: samaki, pilau na maji

Chakula chenyewe kilipangwa vizuri kwenye karatasi. Kulikuwa na ngege (tilapia) wa kukaanga, kuku wa kienyeji, omena, aliya (nyama iliyokaushwa), mboga za managu na mrenda, nyoyo (mahindi na maharagwe), viazi vitamu, pilau, chapati, uji wa wimbi, na ugali wa kutosha. Kilichokosekana ni hesabu ya muda, kwa sababu kupikia watu 500 si kuzidisha mapishi ya nyumbani kwa mia.

Chukua samaki. Kikundi kimoja kilinunua ngege 120 alfajiri ufukweni Dunga, kila mmoja karibu gramu 350, kwa shilingi 180. Walikuwa samaki wazuri: jicho limevimba na kung'aa, shavu jekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Saa moja asubuhi walifika uwanjani kwenye kreti, wakawekwa chini ya kibanda cha mabati wakisubiri karai. Barafu ilikuwa ya ndoo mbili. Kanuni ya nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, iliyopondwa na kutandazwa tabaka kwa tabaka, na tundu chini ya chombo ili maji yatoke. Samaki akilala ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka na damu yake mwenyewe, anaoza haraka zaidi. Kilo 42 za samaki zilihitaji kilo 42 za barafu. Saa sita mchana shavu zilikuwa zimegeuka kahawia, na samaki 34 walitupwa.

Waliosalia walikuta tatizo la pili. Karai la kawaida linabeba ngege sita kwa raundi, na raundi huchukua karibu dakika kumi: samaki 36 kwa saa. Kikundi kilikuwa na makarai mawili, yaani 72 kwa saa, lakini wageni wa samaki hawaji kidogo kidogo kwa muda wa saa nne. Wanakuja wote kati ya saa saba na saa nane na nusu. Foleni ilipofika mita ishirini, mpishi alianza kutia samaki kumi kwa wakati mmoja. Mafuta yakapoa, ngozi ikaacha kushika, samaki wakanyonya mafuta na kuvunjikia kwenye kijiko. Raundi ya dakika kumi ikawa ya dakika kumi na nane. Kwa hiyo kuharakisha kulipunguza kasi.

Dawa yake ni kuanza kukaanga saa nne na nusu kwa mawimbi, bila samaki yeyote kukaa nje zaidi ya saa mbili, na kumalizia kwenye sufuria pana ya mchuzi wa nyanya na dania unaotokota, ambamo samaki aliyekwisha kukaangwa anaingia dakika tano kisha anapakuliwa. Mchuzi unaotokota unakuwa ndio kaunta. Samaki achanjwe pande zote mbili, atiwe chumvi, na afutwe maji hadi akauke kabla ya kugusa mafuta. Samaki mwenye maji ndiye anayerusha mafuta na kumbabua mpishi.

Hesabu ya kikundi hicho nayo inafaa kutazamwa. Samaki 86 waliuzwa kwa kuponi saba kila mmoja. Kwa shilingi 40 ya kuponi, walipata 24,080. Samaki peke yao waligharimu 21,600. Shilingi 2,480 zilizobaki hazikutosha mafuta na makaa. Wanawake wanane walisimama kwenye moshi tangu alfajiri, wakarudi nyumbani na hasara, kwa ajili ya hisani ambayo haikufika. Hawatakuja mara ya pili, na hawafai kulaumiwa.

Pilau lilikuwa na hatari ya aina nyingine. Kilo 15 za mchele zilipikwa katika sufuria moja saa kumi alfajiri ili ziwe tayari mapema. Saa tano afisa wa afya ya umma wa kaunti alipita, akatia kipimajoto katikati ya sufuria, akaagiza pilau lisigawiwe. Waliohudhuria waliona ameonea. Alikuwa sahihi kabisa. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Pilau likipoa polepole ndani ya sufuria kubwa, mbegu zinaamka na kutoa sumu, na sumu ile haivunjwi kwa kupasha moto tena. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mwepesi kukumbuka: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za selsiasi, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kupita saa mbili. Pilau lile lilikuwa limekaa saa sita. Lingepikwa kwa sufuria mbili za kilo saba na nusu, moja saa nne na nyingine saa sita, lingefika mezani likitoa mvuke, na ukoko wa chini usingeungua huku juu ni mbichi.

Managu yana sheria hiyo hiyo, na hapa mazoea ya nyumbani yanadanganya. Nyumbani managu huchemshwa, maji machungu yakamwagwa, yakatiwa maziwa na kupashwa moto kila siku hadi yaive laini. Ni chakula kitamu mno. Lakini nyumbani sufuria ni ndogo na hupashwa hadi kuchemka. Uwanjani, managu ya maziwa kwenye beseni la lita 30 ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaana. Chemsha yote, lakini maziwa yatiwe kwa sufuria ndogo ndogo zinazoisha ndani ya nusu saa. Na usisahau kwamba kilo 40 za managu kwenye vikonyo hubaki kama nusu zikichambuliwa, halafu hunywea tena motoni. Ndiyo maana mboga iliisha saa nane ilhali omena ilibaki.

Nyoyo ilichelewa kwa sababu maharagwe hayakulowekwa usiku. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, na maharagwe makavu hayana huruma na mpishi mwenye haraka. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri hutapisha. Lazima yachemke kwa nguvu, si kuwekwa pembeni ya moto yaive kwa mvuke.

Ugali ndio uliokwenda vizuri kuliko vyote, na sababu yake ni kwamba wapishi wake walikataa kupika mapema. Walipika kilo nne za unga kwa lita nane za maji, raundi baada ya raundi katika sufuria mbili, kila raundi dakika 25, sahani 20. Raundi 12 ziliwapa sahani 240 kwa saa mbili na nusu, na kila aliyeuomba alipata ugali unaounguza vidole.

Maji yalikuwa kosa kubwa la siku, ingawa halikuonekana kwenye hesabu. Kamati iliagiza mitungi 40 ya lita 20, yaani lita 800. Mgeni mmoja ananawa mara mbili, nusu lita kila mara. Anakunywa karibu lita moja. Hiyo peke yake ni lita 1,000 kwa watu 500. Kupika na kuosha vyombo ni lita 1,000 nyingine. Saa nane maji yaliisha, na sahani zikaanza kusuuzwa kwenye beseni moja lililokuwa na rangi ya mchuzi. Kisumu inakijua kipindupindu, na mlipuko ulioenea Kenya tangu Oktoba 2022 ulianza na watu waliokula pamoja kwenye harusi Kiambu. Beseni la kusuuzia sahani linaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kilichohitajika ni tenki la lita 3,000 lenye mifereji, maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo cha kibandiko, sabuni kando ya kila mfereji, na mifereji miwili mbele ya foleni ya chakula, si nyuma ya vyoo pekee. Hapo hatungekubali kupunguza hata shilingi.

Tuongeze jambo moja ambalo mji huu unalihitaji. Kisumu ina Waislamu wa vizazi vingi, na mgeni Mwislamu hafai kubahatisha. Kuku wachinjwe na Mwislamu, sufuria na miiko yao itengwe, na kibao kiseme hivyo. Vivyo hivyo mboga iliyotiwa njugu iandikwe kwamba ina njugu.

Vibali na mvua

Hapa kamati ilichelewa tu. Kila anayegusa chakula anahitaji cheti cha afya, na cheti hudumu miezi sita. Wasaidizi walikuwa 26. Viongozi wa vikundi pekee ndio waliokuwa nacho, wengine wakakimbizwa kupimwa siku ya Alhamisi. Vipimo vinataka wiki nne za nafasi. Ofisi ya chifu iarifiwe mapema, na kibali cha kuchangisha kiombwe, kwa kuwa Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inahusu pesa zinazokusanywa kwa umma. Barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ifuate kipimo cha Sura ya 56 ya sheria za Kenya kuhusu mikutano ya hadhara: isiyopungua siku tatu wala kuzidi siku 14 kabla. Vipaza sauti vina kibali chake cha kaunti, na muziki una leseni yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo anayetaka kubeba chakula aje na chombo chake, na hilo liandikwe kwenye bango.

Mvua ilianza saa kumi na robo, kwa radi na upepo, na hema mbili zikalala. Ilikuwa Aprili. Mtu wa Kisumu anajua mvua ya hapa hupenda alasiri: upepo wa ziwani hukutana na ule unaoshuka kutoka milima ya Nandi, mawingu yakapanda. Masika ya Machi hadi Mei huongeza nguvu, lakini hata nje ya masika alasiri haiaminiki. Tamasha la saa sita hadi saa kumi na mbili lilikuwa limeweka mauzo yake ya mwisho mikononi mwa radi. Januari au Februari, kuanzia saa nne hadi saa tisa, ni bora.

Mpango ukiandikwa upya

Mabadiliko makubwa ni mahali pa kutoa pesa ya wazee. Isingoje masalio, itengwe ndani ya bei tangu kuponi inapouzwa, na gharama za viungo zitoke kwa watu wengine kabla ya siku.

Kila sufuria itafutiwe mdhamini. Mwenye duka la jumla atoe unga na mchele, mwenye bucha atoe nyama, chama kimoja kigharamie kuku, na jina lake liandikwe kwenye kibao kando ya sufuria hiyo. Kwa sufuria 12, wastani wa viungo ni 7,500: nyoyo haifiki 4,000, na samaki 80 badala ya 120 hukaribia 15,000. Wapishi, kwa kuwa hawanunui tena kitu, walipwe asilimia 30 ya kuponi zao kwa jasho. Kwao hilo ni bora kuliko asilimia 80 iliyowaacha na hasara. Kiingilio kifutwe, kwa sababu kinawazuia mlangoni wale ambao wangekula. Badala yake ziuzwe kuponi kwa vitabu vya shilingi 500 wiki tatu kabla, misikitini, makanisani na kwenye vyama. Mauzo ya mapema ndiyo yanayowaambia wapishi wanunue kiasi gani.

Gharama zisizobadilika zinashuka hadi 52,000. Hema na viti vikiazimwa kanisani na msikitini, kinachobaki ni usafiri, 6,000. Kipaza sauti kimoja cha matangazo 8,000. Vyeti, vibali na walinzi 16,000. Maji, sabuni na taka 14,000, kwa kutumia vyoo vya shule. Kuponi zenye nambari na mabango 8,000.

Tupige hesabu kwa wageni 500, pungufu ya waliokuja mara ya kwanza, kila mmoja akila 400: kuponi 200,000. Toa 60,000 za wapishi na 52,000 za gharama, ongeza 18,000 za meza. Zinabaki 106,000, yaani nyumba 29. Sufuria sita zikikosa wadhamini, kamati inanunua viungo vya 45,000 na nyumba zinashuka hadi 16. Tofauti hiyo ya nyumba 13 ipelekwe kwa kila mwenye duka anayeombwa: sufuria sita ni nyumba kumi na tatu, na inaeleweka kuliko hotuba yoyote.

Bado 29 si 50. Bango liseme 29. Nyumba 21 zilizobaki zitafutiwe watu wa kuzilipia moja kwa moja, 3,600 kila mmoja, kwa kadi zilizopangwa mezani karibu na uji, bila majina ya wazee: nyumba ya bibi na wajukuu wanne, nyumba ya babu na wawili. Anayelipia anachukua kadi, na nambari yake inaandikwa daftarini.

Na orodha ya wazee itangulie tamasha. Kila nyumba lazima iwe imejisajili SHA, kwa *147# au kwa msaada wa kituo cha afya, na imekadiriwa, kwa sababu si kila nyumba itapewa kiwango cha chini. Nyumba iliyokadiriwa 5,000 kwa mwaka inahitaji 5,000. Mzee asiye na kitambulisho au ambaye laini ya simu ni ya mjukuu atachukua wiki kadhaa kushughulikiwa. Malipo yaingie kwenye usajili wa mzee mwenyewe, kwa nambari yake ya kitambulisho, si pesa taslimu mkononi. Ndani ya siku saba, karatasi moja ibandikwe kwenye lango la shule: kuponi zilizouzwa na zilizorudi, kila gharama na nambari ya risiti yake, kila sufuria na mdhamini wake, na idadi ya nyumba zilizolipiwa. Nakala ya karatasi hiyo ipelekwe kwanza kwa wale wanawake wanane wa samaki, pamoja na shilingi zao.